Mtoto haumwi, mkojo una bakteria: dozi ya nini?

Mtoto wa shule asiye na homa, asiyeumwa akikojoa wala kukimbilia chooni kila mara, asipewe antibayotiki eti kwa kuwa maabara imeotesha bakteria kwenye mkojo wake. Na hata kuwatafuta bakteria hao kwa mtoto mwenye afya, kwa ajili ya fomu ya shule tu, naona ni kutafuta balaa.

Suala hili si geni. Daktari Calvin Kunin alianza kupima wanafunzi Virginia, Marekani, mwaka 1959, akakuta bakteria hao kwa takriban asilimia 1 ya wasichana. Kwa wavulana ni nadra mno. Hofu ilikuwa kwamba figo zingeharibika kimyakimya. Lakini utafiti wa Cardiff na Oxford, Uingereza, uliochapishwa 1978 baada ya kuwafuatilia wasichana miaka minne, haukuona tofauti ya ukuaji wa figo wala makovu kati ya waliotibiwa na wasiotibiwa. Tena Göteborg, Uswidi, ilionekana kwamba ukiwafukuza bakteria wapole waliokwisha kuzoea kibofu, wakali wanaweza kuingia mahali pao na kushambulia figo. Dozi ndiyo iliyowafungulia mlango.

Kisha kuna kikopo chenyewe. Kiwango kinachohesabiwa ni bakteria 100,000 wa aina moja kwa mililita. Sasa chukua mkojo wenye bakteria 400 tu wa ngozi kwa mililita, uuache dirishani kwenye joto. Wakijizidisha mara mbili kila nusu saa, baada ya saa nne wamepita 100,000, na mtoto anabandikwa jina la "UTI sugu", yaani maambukizi sugu ya njia ya mkojo. Kwa hiyo: aoshwe kwa maji safi, msichana atanue miguu, mkojo wa mwanzo uende chooni, wa katikati uingie kwenye kikopo safi cha maabara. Ufike ndani ya saa mbili, au ukae kwenye friji, nyuzi 4, usizidi saa 24. Zikiota aina tatu, huo ni uchafu. Rudia kipimo, tena ikiwa tu kulikuwa na sababu ya kupima.

Msichana mjamzito hutibiwa hata bila dalili, na anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo vilevile. Damu kwenye mkojo, hasa Unguja, Pemba au maeneo ya kusini mwa Ziwa Victoria, ifanye ufikirie kichocho, ambacho dawa yake ni prazikwanteli. Mwenye homa na maumivu ya ubavuni, au aliyeacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena ghafla, apimwe siku hiyohiyo.