Shule ya famasia ya mbali na ghali: uende, au uombe tena mwakani?

Mpwa wangu alinipigia simu Jumanne usiku. "Shikamoo mjomba. Nimepata famasia." Nikaanza kumpongeza, akanikatiza: "Subiri kwanza." Shule yenyewe ni ya binafsi, iko majimbo manne kutoka kwao, ada yake inatisha, na wamempa hadi Ijumaa alipe arbuni ya dola mia kadhaa ambayo akibadili mawazo haimrudii. Shule nyingine mbili alizoomba, moja ilimkataa, ya pili imemweka kwenye orodha ya akiba. Mama yake anasema aende, Mungu akikufungulia mlango huulizi bawaba. Baba yake anasema asubiri, mwakani aombe ile ya jimboni kwao. Mimi ndiye mwenye leseni ya famasia katika ukoo, basi kura ya mwisho ikaniangukia.

Kwa wanaoomba famasia Marekani, swali hili limekuwa gumu zaidi miaka hii. Nadhani tunalijibu vibaya kwa sababu tunapima vile vinavyoonekana kwa macho, yaani umbali na ada, tunaviacha viwili vinavyoamua: shule hiyo inawafaulisha wanafunzi wake? Na ombi la mwakani litakuwa na tofauti gani na la mwaka huu?

Kwa asiyeujua mfumo: mfamasia wa Marekani husomea shahada iitwayo PharmD, kwa kawaida miaka miwili au zaidi ya sayansi za awali, kisha minne ya famasia yenyewe. Zipo shule zinazoibana hiyo minne ikawa mitatu. Maombi hupitia mfumo mmoja uitwao PharmCAS, unaofunguliwa upya kila mwaka wakati wa kiangazi. Ukihitimu unafanya NAPLEX, mtihani wa taifa, na katika majimbo mengi mtihani wa sheria wa jimbo unalotaka kufanyia kazi. Ukifaulu, unapewa leseni.

Wanaosema nenda wana hoja nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Wao husema "usipoteze mwaka", kana kwamba mwaka ni suala la umri na aibu mbele ya wenzako. Mwaka ni pesa. Takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaweka mshahara wa kati wa mfamasia kwenye dola 137,000 na ushei kwa mwaka. Ukichelewa mwaka mmoja kuanza, umechelewa mwaka mmoja kuupokea. Katika mwaka huo wa kungoja unaweza kufanya kazi ya usaidizi wa famasia, ile ya kuhesabu vidonge na kubishana na kampuni za bima kwenye simu, inayolipa dola elfu arobaini na kitu. Pengo ni kama dola 95,000 kabla ya kodi. Baada ya kodi tuseme 70,000. Hiyo ndiyo bei ya kusema "nitaomba tena", na sijawahi kumwona mzazi akiiandika kwenye karatasi.

Sasa igeuze karatasi. Tuseme shule ya mbali itakulazimu kukopa dola 50,000 kila mwaka, na ya jimboni, ukilala kwenu, 30,000. Riba ya mikopo ya serikali kwa masomo ya ngazi hii ilikuwa 7.94% mwaka wa masomo 2025/26. Tuiite 8%. Mkopo huu hauna subira: riba huanza kuhesabiwa pesa inapotoka, wewe ukiwa bado darasani. Zile elfu hamsini za mwaka wa kwanza, mpaka unavaa joho, zimeshazaa 16,000. Ukijumlisha miaka yote minne, umekopa 200,000 na unahitimu ukidaiwa kama 240,000. Kulimaliza deni hilo kwa miaka kumi ni dola 2,900 kila mwezi. Mwenzako wa jimboni anahitimu akidaiwa 144,000 na analipa kama 1,750. Kwa miezi 120, tofauti yenu inakaribia dola 140,000.

Kwa hesabu hiyo kungoja kunashinda, 140,000 dhidi ya 70,000. Baba mtu angefurahi niishie hapo. Lakini ile 140,000 unaipata ukidahiliwa tu, ilhali ile 70,000 unaipoteza kwa vyovyote. Ukiwa na nafasi nusu kwa nusu ya kupata shule ya bei nafuu, umerudi ulipoanzia. Na kama tofauti ya mkopo kati ya shule hizo mbili ni dola 10,000 tu kwa mwaka, basi hata ukiwa na uhakika wa asilimia mia hujapata kitu kwa kungoja, zaidi ya kulala kitandani kwako mwaka mmoja zaidi. Hii ni hesabu ya mkaa ukutani, najua. Anayetaka kazi ya hospitali, kwa mfano, mara nyingi hupitia kwanza mwaka mmoja au miwili ya mafunzo ya ziada kwa malipo ya karibu nusu ya mshahara ule. Ila inatosha kuonyesha kwamba ada peke yake haijibu swali.

Kuna jambo moja la mikopo ambalo familia nyingi zimelishtukia njiani. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeufunga, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, ule mkopo wa serikali uliokuwa unaziba gharama zote zilizobaki. Sasa mwanafunzi wa PharmD ana ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Shule nyingi za binafsi, ukijumlisha ada, pango na chakula, zinapita hapo. Kinachozidi utakitafuta benki, na benki itataka mdhamini. Huyo mdhamini ni mama, baba, au mjomba mwenye leseni. Deni la serikali lina mlango wa dharura: unaweza kulipa kulingana na kipato chako, na ukifanya kazi serikalini au katika hospitali isiyo ya faida, malipo 120 yakitimia salio husamehewa. Deni la benki halina mlango huo. Kwa hiyo shule ya dola 49,000 na shule ya dola 68,000 kwa mwaka hazitofautiani kwa bei tu. Ya pili inamwingiza mtu wa pili kwenye deni. (Aliye Marekani kwa viza ya masomo hapati mkopo wa serikali kabisa, hivyo kwake kila dola ni ya benki au ya familia, na ningemshauri awe mgumu maradufu.)

Lakini nafasi ya kudahiliwa mwakani ni kiasi gani? Hapa famasia haifanani na udaktari, na wengi hukosea kwa kukopa hofu ya kule na kuileta huku. Mwaka 2000 shule za famasia Marekani zilikuwa kama 80. Leo ni kama 140. Waombaji nao wamepungua sana tangu katikati ya miaka ya 2010, vijana walipoanza kusikia wafamasia wakilalamika kwamba mtu mmoja anajaza dawa, anachoma chanjo na kupokea simu tatu kwa wakati mmoja. Maduka ya dawa yamefungwa: kampuni ya Rite Aid ilifunga yote mwaka 2025, na Walgreens ilitangaza Oktoba 2024 kwamba ingefunga takriban 1,200 ndani ya miaka mitatu. Hata mtihani wa kuingilia, PCAT, ulifutwa baada ya Januari 2024. Viti vipo vingi kuliko vijana wa kuvikalia.

Hali hiyo ni kisu chenye makali pande zote mbili. Kwa upande mmoja, aliyekosa mwaka huu hajahukumiwa. Akiomba mapema na kwa shule nyingi zaidi, ana matumaini ya kweli. Kwa upande mwingine, barua ya udahili siku hizi haithibitishi kwamba umeiva. Shule yenye viti vitupu inaweza kumchukua mwanafunzi anayeyumba kwenye kemia, ikamtoza miaka miwili, kisha ikamwambia samahani. Atarudi nyumbani na deni la dola laki moja bila shahada, na hilo ni baya kuliko yote tuliyoyahesabu hapo juu.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu afungue kompyuta tukiwa kwenye simu. Bodi za famasia za majimbo zina chama chao, NABP, na kila mwaka kinachapisha matokeo ya NAPLEX ya kila shule, yeyote anaweza kuyasoma. Muongo mmoja uliopita zaidi ya watahiniwa tisa kati ya kumi walifaulu mara ya kwanza. Miaka ya karibuni ni kama wanane. Nyuma ya wastani huo, zipo shule zinazopitisha zaidi ya 95% na zipo zisizofika 65%. Tukaenda pia kwenye ukurasa wa shule yenyewe. Juu kabisa kulikuwa na vijana wenye makoti meupe wakicheka chini ya mti. Tukashuka, tukashuka tena, tukapita picha za maabara na ushuhuda wa wahitimu, na huko chini tukakuta jedwali dogo: wangapi walimaliza kwa wakati, wangapi walifaulu mara ya kwanza. Mpwa wangu aliyasoma kwa sauti, akanyamaza. Karibu mtu mmoja kati ya watatu alikuwa ameanguka mtihani wa leseni.

"Mjomba, si mimi nitasoma kwa bidii?"

Huenda. Lakini na wale walioanguka walisema hivyo hivyo Agosti yao ya kwanza.

Umbali wenyewe, ambao mama yake alidhani ndio nitaulalamikia, haunisumbui sana. NAPLEX ni ya taifa, na ukihitimu jimbo moja unaweza kuomba leseni ya jingine. Kinachokufunga ni mwaka wa nne, wa mafunzo kwa vitendo. Wengi hupata kazi ya kwanza pale walipofanyia mazoezi, kwa sababu msimamizi ameshawaona wakifanya kazi. Ukisomea mbali, watakaokujua watakuwa huko mbali. Kwa asiye na haraka ya kurudi, hiyo si hasara hata kidogo.

Basi nini kitabadilika mwakani? Hilo ndilo lililobaki, na ndilo watu hulikwepa. Anayeomba tena kwa alama zile zile, barua zile zile za mapendekezo na insha ile ile iliyobadilishwa tarehe, huyo amenunua mwaka mtupu kwa dola 70,000. Nilipombana mpwa wangu, kumbe alituma maombi Februari, shule zikiwa zimeshajaza nafasi nyingi kwa utaratibu wa anayetangulia kusomwa. Aliomba tatu tu. Ana C ya kemia ya kaboni ambayo hakuwahi kuirudia, na hajawahi kusimama nyuma ya kaunta ya dawa hata siku moja. Yote manne yanarekebishika ndani ya miezi kumi na miwili. Angekuwa ameomba shule kumi mwezi wa Agosti na A zake mkononi, halafu akaambulia hii moja, ningemjibu vingine.

Nalijua hilo kwa sababu mwaka huu huu nilimshauri mtu mwingine kinyume chake. Ni mwenzangu kazini, msaidizi wa famasia, ana miaka thelathini na sita na watoto wawili. Alikuwa anaomba kwa mara ya pili. Masomo yake ya sayansi yalikuwa yanakaribia miaka kumi, na baadhi ya shule hazipokei masomo ya zamani hivyo, kwa hiyo mwaka mmoja zaidi ungemrudisha kwenye biolojia ya mwanzo. Shule iliyomkubali ilikuwa mbali na ghali vile vile, ila waliofaulu mara ya kwanza walikuwa zaidi ya 90%. Nilimwambia aende, lakini kabla ya kulipa arbuni aandike barua pepe ya mistari minne kuomba ufadhili zaidi. Aliona haya, eti ni kama kupatana bei ya nyanya. Akaandika. Wakampunguzia dola 6,000 kwa mwaka, kwa sababu nao walikuwa na viti vya kujaza.

Mpwa wangu hakulipa Ijumaa ile. Aliwaandikia kuuliza kama wanaweza kumshikia nafasi hadi mwakani, kwa kuwa zipo shule zinazokubali. Jibu halijaja. Amejiandikisha kurudia kemia ya kaboni katika chuo cha jamii cha pale kwao, na Jumatatu anaanza kazi ya usaidizi kwenye duka la dawa, zamu ya jioni. Baba yake anaamini ameshinda. Mama yake hajanipigia simu tangu siku hiyo.