Taa Inayosubiri Nivuke Kidahwe

Chukua gari yangu uizungushe Kigoma mjini utakavyo. Toka Mwanga ushuke stesheni, panda tena kilima, nenda Ujiji kufuata mawese, rudi. Dashibodi safi, kimya, hakuna neno. Lakini subiri nimpakie mama mkwe kiti cha mbele, ndoo ya dagaa katikati ya miguu yake, tunampeleka kwake Kasulu. Tukivuka Kidahwe tu, nimetulia kwenye lami kwa mwendo mmoja, pwaa! Taa ya injini hiyo, ya njano, imewaka mbele ya macho ya mama wa watu.

"Baba Neema, hiyo nini?"

"Taa tu, mama."

"Ya nini?"

Sasa mimi nianze kumweleza mama mkwe habari za moshi? Nikamwambia inaonyesha tumeshatoka mjini. Akasema hee, wazungu.

Gari yenyewe nilinunua kwa kijana aliyekuwa ameimodifai. Ameishusha chini, kabandika stika, kafunga mafla ambayo mdomo wake ngumi inaingia na saa ya mkononi. Ikiwaka alfajiri, mwadhini anakuta watu wameshaamka. Jirani yangu, bibi mmoja mcha Mungu, aliniuliza kwa upole kama hiyo gari nalipwa kwa kelele au kwa kilomita.

Ukiipima kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari, inatoa namba ya kosa, P0420. Namba hiyo kila fundi wa Mwanga anaijua kama jina la shemeji yake, na kila mmoja ana tiba yake. Maana yake ni kwamba masega, yale yaliyomo kwenye bomba la moshi kwa ajili ya kusafisha hewa chafu, hayasafishi inavyotakiwa. Basi, hapo ndipo inapoishia. Haisemi nunua nini, haisemi nani kaharibu. Lakini fundi akiiona, tayari ameshapiga hesabu ya spea.

Fundi wa kwanza, chini ya mwembe, alikuwa mtu wa mantiki. "Bosi, kinachokusumbua ni nini hasa?"

"Taa inawaka."

"Basi tunatoa balbu."

Na bisibisi keshashika! Ndugu yangu, taa hiyo ni ya magonjwa mengi. Ikianza kuwaka na kuzima, yaani inakukonyeza, injini inamisi vibaya, yaani silinda haichomi petroli sawasawa, na petroli mbichi inakimbilia kwenye ekzosi. Hapo unapunguza mwendo na kutafuta pa kuegesha. Sasa wewe ukinitolea balbu, nani atanikonyeza?

Wa pili akachomoa waya wa betri. Tiba hii wanaipenda sana, na nimeshajua kwa nini. Ukirudisha waya taa imezima, mteja anacheka, hela inatoka. Kumbe kompyuta ya gari imesahau tu, inaanza kupima upya. Magari mengi hayawashi taa kwa namba hii mpaka yaone kosa katika safari mbili. Tena halipimi hovyo: linataka injini ipate moto sawasawa na mwendo utulie, kwa sababu hata masega yenyewe hayaanzi kazi mpaka yafike kama nyuzi 300 hivi za joto. Safari ya Mwanga mpaka sokoni hiyo nafasi haipatikani, bajaji hii, mbuzi yule, tuta lile. Inapatikana wapi? Kidahwe, na mama mkwe kakaa mbele. Fundi wakati huo anakula hela yangu na migebuka ya kuchoma.

Wa tatu ndiye aliyenimaliza. Huyu ana mashine yenye skrini, anaongea taratibu, ukimsikiliza unatamani akuozeshe. Akanionyesha grafu. Kuna sensa za oksijeni mbili, moja kabla ya masega na nyingine baada yake. Ya mbele kazi yake ni kurukaruka, volti 0.1 mpaka 0.9, juu chini. Ya nyuma, masega yakiwa mazima, inatakiwa itulie. Yangu ya nyuma ilikuwa inarukaruka sambamba na ya mbele.

"Unaona?" akaniambia. "Sensa ya nyuma imekufa."

Imekufaje na inaruka vile? Shahidi kaja mahakamani kasema alichokiona, wao wanamfukuza shahidi na kutafuta mwingine! Sensa mpya ikafungwa. Hela ya ada ya Neema ikaingia kwenye bomba la moshi. Na sensa mpya ikaenda Kidahwe ikasema vilevile.

Nikaishia kwa mzee mmoja mchomeleaji huko Katubuka. Hana mashine wala skrini, ana tambara. Akaniambia niwashe, akaziba mdomo wa mafla kwa tambara kidogo, akainamisha sikio. Tsss, tsss. Gasketi ya ekzosi ilikuwa inavuja kabla ya sensa ya nyuma. Pakivuja pale, hewa ya nje hupata nafasi ya kunyonywa ndani, na sensa inasoma oksijeni ambayo injini haikuitoa. Akabadilisha gasketi. Kisha akachukua spana akagonga lile kopo la masega. Ngo! Akagonga tena. Ngo!

"Mwanangu, humu hamna kitu."

Hamna kitu kivipi, mzee? Akalifungua. Kweupe! Ungeweza kupitisha mkono ukanisalimia upande wa pili. Yule kijana alikwangua masega yote, akachomelea kopo kwa nje, akapaka rangi ya fedha. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei mbaya, na wanunuzi wanapita mitaani kama wa chupa. Kwa hiyo kijana kalipwa mara mbili, kwa masega na kwa gari, halafu mimi ndiye ninayeitwa mwenye gari.

Vijana wa kijiweni waliposikia wakasema tatizo dogo, funga spesa. Ni kipande cha chuma kinachoisogeza sensa nje kidogo, isipigwe na moshi wenyewe, ili kompyuta idhani mambo shwari. Sawa, kompyuta tutaidanganya. Pua ya Mama Neema je, nayo tutaifunga spesa? Kila nikirudi kitenge chake kinanuka petroli, na mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja.

Nikaagiza masega yaliyotumika, kutoka Gerezani, Kariakoo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na mpaka leo kila cha maana bado kinatoka Dar. Yalipofika mzee akayatikisa sikioni asikie kama yamevunjika ndani, akachungulia kwenye mwanga, akaridhika. Nikavua shati nimsaidie kufunga. Akakataa.

"Mbona injini inatetemeka?"

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Kwenye ile orodha ya mashine, chini ya P0420, siku zote kulikuwa na P0302, silinda ya pili inamisi. Wote waliiona. Mwenye skrini aliiruka kwa kidole kabisa! Petroli isiyoungua kwenye silinda inaenda kuungulia kwenye masega, yanapata moto mpaka yanayeyuka. Ningefunga mapya siku ile, ningekuwa nimenunua mkaa wa paladiamu. Na dawa yake ilikuwa koili moja ya kurushia cheche na plagi, vitu unavyobeba kwenye mfuko wa shati.

Koili ikafungwa, injini ikatulia, ndipo masega yakachomelewa. Nikalipa. Nalitazama lile kopo tupu pale chini, nafikiria nilipige teke liende ziwani. Mzee akaliokota, akalipangusa kwa lile lile tambara.

"Hili niachie, mwanangu. Kuna kijana wa Gungu anataka gari yake iungurume."