Lumbesa wa Kibaigwa

Najua mmeshaisikia ile habari yangu na mizani ya Kibaigwa. Shemeji ametuma sauti kwenye kundi la familia, familia wakaipeleka kundi la kwaya, na leo asubuhi muuza maziwa wa hapa Ilazo kaniuliza, "Mkubwa, kwani walikupunguza kweli?" Basi tulieni niwape ya kwangu, maana ya shemeji ina chumvi nyingi, na ile sehemu ya bambo kaisimulia vibaya kabisa.

Habari za bustani mnazijua. Mlizipigia vikopa wenyewe: mchicha, chainizi, mizabibu yangu miwili pale ukutani. Ambacho sikuwaonyesha ni programu niliyoweka kwenye simu. Unaiambia uzito wako, unachagua kazi uliyofanya, inakupigia hesabu ya kalori ulizochoma. Kila kazi ina namba yake. Kukaa kimya ni 1. Kumwagilia umesimama ni 1.5. Kulima kwa jembe inafika 5. Unazidisha kwa kilo zako, unazidisha kwa saa, umemaliza.

Mimi nilichagua 5. Jamani, huu udongo wa Dodoma kiangazi mnaujua? Jembe ukilipiga chini linarudi kukusalimia usoni. Mtu ajipe 1.5 kwa ardhi hii?

Na saa zangu za kulima zilikuwa zinaanza nikiwa natafuta jembe. Kungoja ndoo ijae siku za mgao, ni bustani. Kubishana na jirani kuhusu Simba na Yanga juu ya ukuta, ni bustani, maana mguu mmoja uko kwenye tuta. Kukaa chini ya mwarobaini kuangalia kalori zimefika ngapi, niambieni, hapo niko bustanini au niko sebuleni?

Kwa hiyo kilo 96, mara 5, mara saa mbili: 960. Nilikuwa naiandika kwenye kundi la familia kila jioni, namba tupu, bila maelezo, watu waumie wenyewe. Halafu nashuka barabarani kwa kijana wa chipsi kuidai haki yangu. Chipsi mayai, mishikaki, soda baridi, na kachumbari kwa ajili ya afya. Wengine mnakula kwa njaa, mimi nilikuwa nakula kwa risiti.

Mama watoto aliuliza mara moja tu. "Baba, hiyo suruali mbona inalia?" Nikamwambia imerudi, wamefua na maji ya moto. Akanyamaza. Mama watoto akinyamaza ujue ameweka akiba.

Mtauliza kwa nini sikujipima. Nyumbani mizani iliyopo ni ya unga wa keki, mwisho kilo tano. Na wale vijana wa stendi wenye mashine inayotangaza urefu na uzito wako kwa kipaza sauti, mimi mtu wa ofisini siwezi kujidhalilisha hadharani namna ile. Shikeni hapo.

Jumamosi shemeji akaniomba nimsindikize Kibaigwa kuuza mahindi. Wa mbali mjue, Kibaigwa ni pale Kongwa, barabara ya Morogoro, kwenye lile soko kubwa la mahindi. Tukaingia ghala la mnunuzi mmoja. Mizani iko katikati, bamba la chuma chini, namba nyekundu juu zinazosomeka mpaka barabarani. Karani kakaa kwenye stuli, kainamia daftari. Mpagazi anatua gunia, mwenzake anasoma namba kwa sauti, karani anaandika, gunia linaondoka. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Tisini na nane! Tisini na tisa! Tisini na saba na nusu!

Nikaipenda ile mizani. Nikajiambia hapa ndipo mahali pa mwanamume kujipima: hakuna kipaza sauti, kila mtu ana kazi yake. Nipande, nione 90 au 89, nipige picha, niirushe kundini, mama watoto aombe radhi.

Nikangoja. Wapagazi wakaenda kunywa maji. Nikavua viatu. Nikaweka simu, funguo na pochi juu ya gunia la shemeji. Nikafungua mkanda, nikautoa wote, kwa sababu chuma chake cha kufungia ni kizito. Nikatoa pumzi yote iliyokuwa ndani. Nikapanda kwa ncha za vidole, taratibu, kama mwizi wa kuku anayepita mbele ya mbwa. Nikafumba macho. Chuma cha baridi kile, na vumbi la mahindi likiniwasha kati ya vidole vya miguu.

Namba zikatulia. Najua zilitulia kwa sababu nilisikia kile kimlio, pii.

"Soma!" akasema karani. Hakuinua kichwa.

Na yule msomaji, Mungu anamwona, alikuwa amerudi na kikombe chake cha maji. Akatazama namba. Akanitazama mimi. Akatazama namba tena. Kisha akavuta sauti ileile ya asubuhi nzima:

"Mia na tatuuu!"

Karani akaandika. Nimesikia kalamu ikiandika, ndugu zangu. Halafu akatikisa kichwa, bado kainama, akasema kwa uchungu wa mtu aliyeonya mara nyingi: "Hilo lumbesa. Mwisho mia, tumeshasema. Shusheni lipunguzwe."

Hapo ndipo anaingia mwenye bambo. Huyu kazi yake ni kuchoma gunia kwa kile chuma chenye ncha na kuchomoa punje za kukagua kama mahindi ni makavu. Shemeji anadai alinichoma. Hakunichoma. Alikuja kinyumenyume akiongea na mtu wa nje, akanyoosha mkono kwa mazoea, ncha ikagusa shati hapa ubavuni, akahisi gunia limeruka. Akageuka. Mimi nikafumbua macho. Tukatazamana, mimi suruali nimeikamata kwa mkono mmoja, yeye kachomoa bambo hewani.

"Shikamoo," akasema.

Na mimi, sijui kwa nini, nikaitikia. "Marahaba."

Ghala lilikatika vipande. Mpagazi mmoja alilala juu ya magunia akawa anapiga teke ukuta. Karani ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinua kichwa, na alipoinua hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Alinitazama juu mpaka chini, akatazama daftari, akauliza, "Sasa wewe ni wa nani?"

Shemeji, damu ya mke wangu kabisa, akaninong'oneza, "Kaa kimya shem, kilo mia na tatu ni hela hizo."

Ila karani ni mtu wa haki. Akasema hafuti namba kwa maneno, mzigo lazima upimwe tena mbele yake. Kufika hapo nilikuwa nimeshajivika viatu, nimefunga mkanda, simu na funguo na pochi vimerudi mfukoni, niko njiani kutoka. Nikarudishwa. Nikapanda hivyohivyo. Simu zote zikawa juu.

"Mia na nne na nusuuu!"

Sauti ya nyuma huko ikapokea: "Lumbesa linaongezeka!"

Basi. Mahindi yakauzwa, hela ikalipwa, tukaondoka. Njiani shemeji alikuwa anacheka mpaka anasimamisha gari. Kabla hatujafika Chamwino ile sauti ilikuwa imeshatangulia nyumbani, na pendekezo juu, kwamba nikapewe banda la mazao Nzuguni siku ya Nanenane.

Jioni ile binti wa dada yangu anayesoma chuo akachukua karatasi, sikumtuma. Jembe alinipa nusu saa, zikawa 240. Kumwagilia na kubishana mpira saa moja na nusu, 216, na hapo kubishana alikuita kumwagilia kwa heshima ya undugu tu. Jumla 456. Kisha akatoa 192. Nikamuuliza hizo zimekwenda wapi. "Anko, hizo ungezichoma hata ungekaa kwenye kochi." Zikabaki 264. "Vijiko viwili vikubwa vya mafuta, anko, na chenji kidogo. Na zile chipsi mayai zinakaangwa kwa vijiko viwili?" Nikamwambia likizo imekwisha, arudi chuoni.

Na naomba ijulikane kwamba ile mizani kona ya kushoto ilikuwa na punje za mahindi zimemwagika. Nyingi.

Simu zimepigwa nyingi, sijapokea, isipokuwa ya bibi yake mama watoto kule Mpwapwa, kwa sababu yule huniita mume wangu na asipopokelewa hununa. Akanisalimia vizuri, mbukwenyi, akauliza watoto, akauliza mchicha. Kibaigwa hakuigusa. Nikaanza kupumua. Mwisho wa maongezi akasema, "Sasa mume wangu, ukija Nanenane kunisalimia, utakata tiketi ukae kitini, au watakulipisha mzigo kwenye buti?"