Takwimu za chanjo ya malaria hazitoshi bila sauti za akina mama

Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalipokamilika mwaka 2014, yakiwa yamehusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi zikiwa miongoni mwa vituo vyake, matokeo yalileta matumaini na hofu kwa pamoja. Watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne waliugua malaria pungufu kwa takriban asilimia 36, lakini homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vya watoto wa kike vilizua maswali ambayo majaribio yenyewe hayakuweza kuyajibu.

Shirika la Afya Duniani lilifanya vyema kutokimbilia uamuzi. Mwaka 2019 chanjo ilianza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya katika kliniki za kawaida, huku baadhi ya maeneo yakipangwa kwa nasibu kuanza na mengine kusubiri, ili vifo na kulazwa hospitalini vilinganishwe. Hofu ile haikuthibitika, na Oktoba 2021 shirika hilo likapendekeza chanjo itumike.

Hata hivyo, utafiti ambao naona haupewi heshima yake ni ule wa kukaa na wazazi na wauguzi na kuwasikiliza. Takwimu zilionyesha kwamba watoto wengi hawarudi kwa dozi ya nne, lakini sababu haimo kwenye rejista. Ghana na Kenya zilipanga dozi ya tatu itolewe katika miezi 9, pamoja na chanjo ya surua. Ya nne ilipangwa miezi 24, umri ambao hakuna chanjo nyingine ya kumrudisha mtoto kliniki, na kwa mama mwenye shamba la kupalilia, safari hiyo ina maana ya nauli na siku nzima ya kazi kupotea. Ghana iliisogeza dozi hiyo hadi miezi 18, iende sambamba na dozi ya pili ya surua.

Kwa hiyo, wizara zinazoingiza chanjo hii sasa, au ile nyingine ya malaria, R21, iliyopendekezwa mwaka 2023, zitenge fedha za mahojiano hayo tangu ratiba inapopangwa, badala ya kungoja watoto wakose dozi kwanza.