Kioo janja kinazima kwa sababu ya waya, acheni kusingizia bodi

Kuna kitu kimenikera wiki hii nikaona bora niandike. Kuna dogo ana saluni ya kunyoa huku Tabata, amejitengenezea kioo janja mwenyewe: Raspberry Pi 3 ya mtumba (kompyuta ndogo ya bodi moja), paneli ya inchi 15.6 kutoka kwenye laptop iliyokufa, fremu ya mninga kwa seremala wa jirani, na mbele kioo cha kawaida kilichobandikwa tinti ya kuakisi na wale wale mafundi wa tinti za magari. Kazi safi kabisa, mteja anakaa anajiona, na pembeni ya sura yake anasoma saa, hali ya hewa na vichwa vya habari. Shida ilikuwa moja tu, kioo kinajizima na kuwaka chenyewe, hasa programu ikiwa ndo inafunguka. Akapeleka kwa fundi. Fundi akaona ile alama ya radi ya njano kwenye kona ya juu ya skrini, akaingia kwenye faili la config.txt akaandika avoid_warnings=1, akachukua hela yake. Radi ikaondoka kweli, kioo kikaendelea kuzima. Dogo alipompigia tena akaambiwa bodi imechoka, tafuta nyingine.

"Kaka, ile radi ameshaitoa lakini bado kinazima," ndo alivyoniambia, na alikuwa ameshaanza kuchanga hela ya bodi mpya.

Jamani, ile radi ndo ilikuwa jibu lenyewe! Inatokea pale umeme unaofika kwenye bodi unaposhuka chini ya volti 4.63 hivi, wakati Pi inataka 5 na kidogo juu yake. Kuificha ile alama ni sawa na kubandika plasta juu ya taa ya oili kwenye dashibodi ya gari halafu unamkabidhi mwenye gari funguo. Mtu amelipia matengenezo, amerudishiwa ugonjwa ule ule bila dalili. Hili linaniuma kwa sababu vijana wanaojaribu hivi vitu hawana hela ya kuchezea, bodi moja kwao ni akiba ya muda mrefu, na ushauri wa "nunua nyingine" unatolewa kirahisi mno na watu ambao hata hawajapima.

Sasa tuangalie waya wenyewe. Alikuwa anatumia ule waya mweupe mwembamba wa simu, mita moja na nusu, na ukiugeuza kwenye mwanga unasoma 28AWG ubavuni, hicho ni kipimo cha unene wa waya, namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Waya wa saizi hiyo una ukinzani wa kama omu 0.21 kwa kila mita, na umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita tatu, unapata omu 0.64 hivi. Pi ikivuta ampia moja tu, volti 0.64 zinapotelea njiani. Chaja imetoa 5, bodi imepokea 4.36. Hapo hata chaja iwe nzuri vipi, umeshaanguka. Na Pi 3 programu ikiwa inafunguka, waifai inatafuta mtandao na prosesa zote zinakimbia, inaweza kabisa kufika hapo na kupita, ndo maana kioo kinafia pale pale kwenye kuwaka.

Halafu kuna lile neno "fast charger" ambalo kila duka la mtaa wa Aggrey, Kariakoo, linakuuzia. Chaja ya wati 18 mara nyingi inazitoa hizo wati kwa volti 9, na inapandisha volti pale tu simu inapoomba. Pi 3 haiombi chochote, inabaki kwenye volti 5, kwa hiyo mstari wa maana kwako ni ule mdogo uliochapishwa kwenye chaja unaosema 5V na ampia ngapi. Pi 3 wanaotengeneza wenyewe wanapendekeza ampia 2.5, Pi 4 ni ampia 3. Na wale wanaolaumu umeme wa mtaani, soma chaja yako, nyingi zimeandikwa zinapokea volti 100 mpaka 240, yaani umeme wa nyumbani ukiyumba kidogo chaja inavumilia, tatizo liko upande wa pili, kwenye hizo volti 5.

Tulichofanya pale saluni ni kufungua tu tominali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika vcgencmd get_throttled, amri inayoiuliza Pi kama umeme umeshuka au imepunguzwa kasi. Ikajibu 0x50005, maana yake umeme uko chini sasa hivi na bodi imepunguzwa kasi sasa hivi, na yote mawili yameshatokea tangu iwashwe. Tukaufuta ule mstari wa fundi. Tukaweka waya mfupi mnene na chaja ya volti 5.1, tukawasha upya, ikajibu 0x0, yaani hakuna tatizo. Bodi ile ile iliyoitwa imechoka.

Nakubali, sio kila kuzima ni umeme. Pi inahifadhi programu zake kwenye memori kadi, na memori kadi feki zipo na ni nyingi. Umeme ukikatika ghafla kadi inaweza kuharibika hata kama ni nzima, kwa hiyo toa kopi ya kadi yako yote siku ikiwa inafanya kazi vizuri. Na kama skrini inakuja nyeusi na maandishi ya kulalamikia config, hapo kweli ni programu, na mara nyingi ni koma imesahaulika kwenye config.js, faili la mipangilio la MagicMirror, ile programu ya kioo yenyewe, ambayo ina amri ya npm run config:check inakuonyesha mstari wenyewe. Joto nalo lipo, Pi ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza kasi, na Dar ukifunga fremu nyuma bila matundu utafika tu.

Kwa wanaotaka kuanza, baneni matumizi kwingine. Laptop ya zamani kama bodi yake bado nzima itumie hiyo hiyo, huhitaji Pi kabisa. Kama imebaki paneli tu, geuza usome namba iliyoandikwa nyuma yake kabla hujaagiza bodi ya kuiendesha, kwa sababu soketi ya pini 30 na ya pini 40 haziingiliani na hela yako hairudi. Hali ya hewa chukua Open-Meteo, kwa matumizi ya nyumbani hailipiwi na haitaki kujisajili. Tinti inatosha, ila mbele pawe na mwanga kuliko nyuma, saluni ina taa nyingi kwa hiyo pale imekubali vizuri, chumbani usiku utaona weupe wa skrini unavuja hata kwenye sehemu nyeusi. Na paneli za bei rahisi za laptop, zile za TN, ukizisimamisha wima mtu aliyekaa upande mmoja anaona rangi zimegeuka, ukipata aina ya IPS, ambayo rangi hazigeuki hivyo, chukua hiyo.

Ila kwenye chaja na waya usibane. Bei ya vyote viwili haifiki ya bodi unayoambiwa uitupe.

Na mafundi, tafadhali sana, pimeni kwanza. Ile amri ni ya mstari mmoja na haihitaji kifaa chochote. Mtu akiniletea kioo kinachojizima jibu la ile amri ndo kitu cha kwanza nitakachouliza, na kama sio 0x0, hatuongelei bodi mpya mpaka waya ubadilishwe.