Sidiria: tunazilaumu herufi, kumbe namba

Chukua mwanamke ambaye futi ya fundi inasoma inchi 30 chini ya matiti na 36 pale kifua kinapojaa. Duka moja la Uingereza litampa 34B, jirani yake atampa 30E; namba ni ya mkanda unaozunguka mbavu, herufi ni ya kikombe. Wote wamepima sawasawa. Ila wa kwanza ameongeza inchi 4 kwenye kipimo cha chini kabla ya kutoa hesabu, kwa kanuni ya zamani inayotetewa kwamba vitambaa vya enzi hizo havikuvutika.

Kwa vurugu hizi, wapo wanaotaka mfumo wote utupwe, na hoja wanazo. Mkanda ulioandikwa 34 Uingereza ni 75 Ujerumani na 90 Ufaransa. Kikombe kinachofuata D ni DD kwa Mwingereza, E kwa Mjerumani. Jina nalo lina safari yake: kwa Mfaransa brassière ni kifulana cha mtoto mchanga, na vazi hili yeye huliita soutien-gorge. Ni Wamarekani waliolizoesha neno hilo kwa vazi la kike, kisha likakatwa likabaki bra. (Kile kisa cha Mjerumani Otto Titzling aliyevumbua sidiria ni utani wa kitabu cha 1971, ingawa wapo wanaokisimulia hadi leo bila kucheka.)

Hata hivyo, tuangalie hali ilivyokuwa kabla ya herufi. Novemba 1914 Mary Phelps Jacob alipata hataza Marekani kwa sidiria iliyoanzia kwenye leso mbili za mfukoni na utepe, kisha akaiuza kwa kampuni ya Warner kwa dola 1,500. Vikombe vya kupimika havikuwemo. Wanawake wawili wenye mzunguko mmoja wa kifua, mmoja mbavu pana na matiti madogo, mwingine kinyume chake, walionekana ni saizi moja. Mwaka 1932 kampuni ya S.H. Camp ilianza kuyapanga matiti kwa A hadi D, na 1937 Warner ikaingiza herufi hizo kwenye sidiria zake. Hapo mbavu na matiti vikapata vipimo viwili tofauti. Tukirudi kwenye S, M na L tunavichanganya tena. Kwa sidiria ya mazoezi inayovutika, sawa; kwa yenye waya, hapana.

Herufi inaonewa kwa sababu watu huidhania ukubwa. Ni tofauti tu kati ya kipimo cha juu na cha chini, ndiyo maana D haina maana bila mkanda wake: vikombe vya 32D, 34C na 36B hubeba kiasi kilekile. Muuzaji aliyeishiwa 34C anaweza kukupa 36B, kikombe kikakaa, lakini mkanda ukalegea, ukapanda mgongoni, na uzito wote ukahamia mabegani.

Kwangu mimi mwenye kosa ni namba. Ile 34 haimo popote mwilini mwa yule mwanamke, si chini ya matiti wala juu yake. Kiwango cha Ulaya, EN 13402, kinaanzia kwenye mwili wenyewe: mbavu za sentimita 75 zinaandikwa 75, na herufi inabaki na kazi yake. Viwanda vya Uingereza na Marekani vingeweza kufanya hivyo hivyo kesho, ila mteja aliyezoea kujiita 34 itabidi aelezwe kwa nini lebo sasa inasema 30 na hajapungua hata kidogo.