Shujaa wa kike naye avalishwe

Vibanda vya gemu huku Kirumba jioni vinajaa watoto wa shule ya msingi, na kinachoniudhi ni hizi gemu za ngumi. Mwanaume anaingia ulingoni na deraya mpaka shingoni, buti, glavu. Dada anayepigana naye kaachiwa kitambaa kifuani na viatu virefu! Panga zinamjia tumbo wazi, halafu akishinda kamera inamzunguka nyuma taratibu. Huyo ni mpiganaji kweli? Na wasituambie haiwezekani. Gemu ya Mortal Kombat ya 2011 iliwaacha wapiganaji wa kike kina Kitana karibu uchi. Ya 2019 ikawavalisha vizuri, na kipigo kikabaki kilekile. Mabinti wetu nao wanacheza, jamani. Watengenezaji, mvalisheni huyo dada apigane.